Kilima cha Wasiofika Yerusalemu

Njia inaanzia mjini. Kikanisa cha kwanza, chenye tukio la Yesu kuhukumiwa kufa, kiko karibu na nyumba za watu wa Domodossola, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia jirani na mpaka wa Uswisi. Kutoka hapo njia ya mawe inakwea kilima cha Mattarella, kikanisa kimoja baada ya kingine, mpaka kilele chenye kanisa la Msulubiwa Mtakatifu na magofu ya ngome ya kale. Kituo cha 12 na cha 13, Yesu kufa na kushushwa msalabani, havina vikanisa vyao. Vimo ndani ya kanisa lenyewe, ili anayepanda akisali afikie kifo cha Bwana palepale penye altare. Baada ya kaburi kuna kikanisa cha 15, cha Ufufuko.

Kwa Mkatoliki wa Afrika Mashariki hakuna kigeni hapo. Njia ya Msalaba ni sala yake ya kila Ijumaa ya Kwaresima, na parokia nyingi zenye mlima jirani zimesimika misalaba 14 mtelemkoni. Tumeizoea kiasi kwamba wengi hudhani ilikuwako tangu enzi za Mitume. La hasha. Sala hii ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iliandikwa milimani, na watu waliokuwa wakiwafikiria maskini.

Mwaka 1342 Papa Klementi VI aliwathibitisha Wafransisko kuwa walinzi wa mahali patakatifu kule Yerusalemu. Wao ndio waliowapokea mahujaji kutoka Ulaya na kuwatembeza. Lakini walifika wangapi? Safari ilipita Venezia, kisha ikavuka bahari kwa merikebu, na hapo katikati kulikuwa na maharamia, maradhi, na ushuru wa kulipa kila bandari. Mkulima wa bondeni, mjane, kilema, hao wote Yerusalemu waliisikia kwenye mahubiri tu.

Mfransisko mmoja wa Milano, Bernardino Caimi, alikuwa amehudumu Nchi Takatifu na akarudi na wazo lililokuja kuibadili ibada hii. Kama watu hawawezi kwenda Yerusalemu, basi Yerusalemu iletwe kwao. Alichagua mwamba ulio juu ya mji wa Varallo, katika bonde la Valsesia, na mwaka 1486 Papa Inosenti VIII akampa ruhusa ya kujenga. Mfano wa Kaburi Takatifu ulikamilika mwaka 1491. Tajiri wa pale aliyegharimia ujenzi, Milano Scarognini, aliwekewa maandishi juu ya jiwe, yakitaja jina lake, tarehe, na kusudi la kazi yote: asiyeweza kusafiri apate kuiona Yerusalemu hapa. Kwangu mimi, jiwe lile lina thamani kuliko sanamu zote zilizokuja baadaye, kwa maana linasema bila kuficha kilima kilijengwa kwa ajili ya nani.

Na sanamu zilikuja, takriban 800. Gaudenzio Ferrari, mchoraji mzaliwa wa bonde hilohilo, ndiye aliyezipa uhai. Katika kikanisa cha Kusulubiwa, kazi ya miaka ya 1520 hivi, alisimamisha watu wa ukubwa wa kawaida, akawatia nywele na ndevu halisi, kisha akachora umati mwingine ukutani, hata jicho linashindwa kuamua sanamu inaishia wapi na picha inaanzia wapi. Ukichungulia kwa karibu utamwona mmoja wa watesi ana rovu shingoni. Milima ile haikuwa na madini joto ya kutosha kwenye chakula, na rovu lilikuwa ugonjwa wa kila kijiji. Msanii aliwatazama majirani zake na kuwaweka Golgota. Inaniuma kwamba maradhi ya maskini aliyapachika kwa mtesi, kana kwamba rovu ni alama ya uovu. Hata hivyo, hujaji wa Valsesia aliyesimama pale hakuhitaji kuelezwa kwamba mambo haya yanamhusu. Aliziona sura za kijijini kwake.

Askofu Mkuu wa Milano, Mtakatifu Karolo Borromeo, alihiji Varallo na kupaita Yerusalemu Mpya. Oktoba 1584 alirudi kwa mafungo, akawa anakwenda usiku kutoka kikanisa hadi kikanisa akisali, na mwanzoni mwa Novemba akafariki dunia. Kutokana na mfano wa Varallo vikazaliwa vilima vingine. Wapo wanaosema vilipangwa kama ukuta dhidi ya Uprotestanti uliokuwa umeshika sehemu za Uswisi. Hilo lina ukweli wake, ila halitoshi kueleza kwa nini wanakijiji walibeba mawe miaka na miaka. Mtu habebi jiwe mgongoni kwa sababu ya sera ya askofu peke yake.

Domodossola iliingia katika mlolongo huu miaka ya 1650. Wakapuchini wawili waliohubiri bondeni, Gioacchino da Cassano na Andrea da Rho, waliwahimiza watu kukigeuza kilima cha ngome iliyobomolewa kuwa Kalvari. Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1657 na kutabarukiwa mwaka 1690. Dionigi Bussola, mchongaji aliyefanya kazi katika kanisa kuu la Milano, alifinyanga sanamu za udongo wa kuchoma. Ujenzi ulisuasua kila fedha zilipokatika, na baadhi ya vikanisa vilisubiri vizazi kadhaa kabla ya kukamilika.

Hadi wakati huo idadi ya vituo haikuwa moja kila mahali. Kuna waliosali vituo saba, kuna waliozidisha hapo. Mwaka 1731 Papa Klementi XII ndiye aliyeweka 14 na kupanua ruhusa ya kusimika Njia ya Msalaba katika makanisa yote. Mfransisko Leonardo wa Porto Maurizio alisimika zaidi ya 570 katika uhai wake, mojawapo ndani ya Colosseo la Roma mwishoni mwa 1750. Sala iliyoletwa kutoka Yerusalemu hadi mlimani sasa iliweza kuning'inizwa kwenye ukuta wa kanisa lolote, hata la makuti.

Halafu Domodossola ikakaribia kufa. Enzi za Napoleoni nyumba za watawa zilifungwa na majengo ya kilimani yakachakaa. Mwanzoni mwa Kwaresima ya 1828 alipanda pale padre wa miaka 30, Antonio Rosmini, akitafuta upweke wa kufunga na kuandika. Ndani ya majengo hayo yaliyochoka aliandika katiba ya shirika jipya, Shirika la Upendo, linalojulikana zaidi kwa jina la Warosmini, na kilima kikapata watu wa kukitunza. Rosmini mwenyewe hakuepuka msalaba. Kitabu chake juu ya vidonda vitano vya Kanisa kiliwekwa kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1849, na miaka 32 baada ya kifo chake sentensi 40 kutoka maandishi yake zikalaaniwa. Roma iliondoa wasiwasi juu ya maandishi hayo mwaka 2001, na Novemba 2007 akatangazwa Mwenye Heri mjini Novara.

Hapo ndipo kilima kile kinapotugusa sisi. Warosmini walifika Tanganyika katika miaka ya 1940, wakafanya kazi Tanga na milima ya Usambara. Jimbo la Tanga lilipoundwa mwaka 1958, askofu wake wa kwanza, Eugène Arthurs, alikuwa Mrosmini. Muumini wa Lushoto au Korogwe aliyebatizwa na mapadre hao ana undugu na Kalvari ya Domodossola, pengine bila kuujua.

Mwaka 2003 UNESCO iliandika vilima tisa vya aina hii vya Piemonte na Lombardia, Varallo na Domodossola vikiwemo, katika Urithi wa Dunia. Historia yake inajulikana kwa sababu kumbukumbu zilitunzwa, kuanzia jina la Scarognini hadi majina ya wafinyanzi. Kwetu vituo vya milimani vimejengwa kwa harambee za jumuiya ndogondogo, mawe yakibebwa kichwani na kina mama, na wengi wao wangali hai. Makatibu wa parokia, fungueni daftari. Muulizeni bibi ni nani aliyetoa eneo, ni fundi gani aliyechomelea misalaba, na ni mwaka gani ilipobarikiwa, kisha andikeni majina yote kabla hajafariki.