Kokwa ya fenesi na tumbo la mbu

Agosti 20, 1897, mjini Secunderabad, India, Ronald Ross, daktari wa jeshi la Uingereza, alipasua mbu aliyekuwa amefyonza damu ya mgonjwa wa malaria. Kwenye ukuta wa tumbo akaona vivimbe vyenye chembe nyeusi, zilezile ambazo Alphonse Laveran alizikuta katika damu ya wagonjwa huko Algeria mwaka 1880. Ugunduzi huo ulimpa Ross Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Lakini kimelea cha malaria kilipenyaje ukuta ule?

Jibu lilichukua karne nzima, na kila hatua ilikuwa na sukari ndani yake. Siku moja hivi baada ya mbu kunywa damu, kimelea hupata umbo jembamba na kuanza kutambaa. Mbele yake kuna utando wenye kitini, sukari iliyoungana ikawa ngumu, kama ile ya gamba la kamba. Mwaka 1991 wanasayansi walieleza kwamba kimelea hutoa kimeng'enya cha kuutoboa utando huo. Akishavuka hapo, mvamizi hukutana na seli za utumbo, ambazo protini zake zimevikwa minyororo ya sukari.

Hapo ndipo fenesi lilipoingia. Kokwa zake, zile tunazochemsha na kutafuna, zina jakalini, protini inayong'ang'ania sukari za namna fulani. Jakalini ilipozifunika sukari za utumbo wa mbu, vimelea vilikosa pa kushika. Kwa kufuata nyayo hizo, mwaka 2007 Rhoel Dinglasan na wenzake walieleza habari za APN1, mojawapo ya protini zilizobeba sukari hizo.

Sukari za aina moja huweza kukaa juu ya protini nyingi, kwa hiyo watafiti waliotafuta chanjo waliilenga protini yenyewe. Kingamwili dhidi yake zilizuia vimelea vya binadamu na vya panya pia. Umbo la APN1 lilipochorwa mwaka 2015, ikadhihirika kwamba baadhi ya kingamwili hushika upande usiozuia chochote, hivyo chanjo ikabidi isukwe upya.

Na chanjo ya namna hii haimkingi aliyechomwa sindano. Mbu hunywa kingamwili pamoja na damu, nazo hufanya kazi tumboni mwake. Anayenusurika ni jirani, ambaye mbu yuleyule angemuuma wiki mbili baadaye.