Kwa nini mwezi hutuonyesha uso mmoja tu?

Utazame mwezi mpevu wa leo, kisha utazame ujao: utaona madoa yaleyale. Wengi hudhani mwezi haujizungushi. Sivyo.

Mwezi huizunguka dunia, na papo hapo hujizungusha wenyewe. Kila mzunguko huchukua muda uleule, siku 27 na saa 8 hivi. Ndiyo maana upande mmoja hutuelekea daima.

Jaribu mwenyewe. Weka kinu katikati ya uwanja, ukizunguke huku uso wako ukikielekea. Ukimaliza, utakuwa umetazama pande zote nne za dunia. Maana yake umejizungusha mara moja, ingawa kinu hakikuona kisogo chako.

Kisogo cha mwezi kilipigwa picha mara ya kwanza Oktoba 1959, na chombo Luna 3 cha Muungano wa Kisovieti. Si upande wa giza: nao hupata mchana na usiku, kila kimoja takriban wiki mbili.

Mwendo huu unawagusa wavuvi na wakulima wa mwani. Kwa kuwa mwezi husogea, huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, na maji ya bahari huchelewa hivyohivyo. Yakijaa leo saa 4:00 asubuhi, kesho yatarajie karibu saa 4:50. Bamvua huja wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu; katikati yake ni maji mafu.