Bajeti ya Umeme Iliyorudishwa Dodoma

Mbunge, yule tunayemwita depite hapa Cimpunda, hufika barazani kwa kura za watu, lakini huketi humo kwa jina la chama. Siku ya kupitisha fedha za serikali, amtii nani? Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006 yajibu mara mbili. Kifungu cha 101 chasema hakuna awezaye kumwamuru mbunge kura yake. Kifungu cha 110 chasema mbunge aachaye chama chake kwa makusudi amekiacha na kiti. Basi yu huru, ila kamba i mguuni.

Kwa jirani zetu wa Tanzania kamba ni fupi zaidi. Huko Bunge likikataa bajeti ya serikali, Rais aweza kulivunja. Tena kura ya bajeti nzima hupigwa kwa kuita majina, mmoja mmoja, wakubwa wa chama wakisikiliza. Bajeti ya wizara moja, hata hivyo, ni jambo jingine.

Julai 2011 Waziri William Ngeleja alileta Dodoma makadirio ya Wizara ya Nishati na Madini. Nchi ilikuwa gizani: maji yamepungua mabwawani, umeme unatolewa kwa mgao, mashine zimesimama. Sisi tulio karibu na mitambo ya Ruzizi, na bado twawasha mishumaa, twaelewa. Chama cha CCM kilikuwa na zaidi ya theluthi mbili ya viti. Kwa hesabu, makadirio yangepita tu. Kumbe wabunge wa CCM wenyewe walisimama kuyapinga pamoja na wapinzani, kwani hawakuona umeme utatoka wapi. Ndipo Beatrice Shellukindo, mbunge wa Kilindi, akafunua barua ya wizara iliyozitaka taasisi zake zichange shilingi milioni 50 kila moja, ili kusaidia bajeti hiyo iwasilishwe. Naye alikuwa wa CCM. Hapo ndipo uzito ulipo.

Tarehe 18 Julai Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliomba makadirio yaondolewe kwa wiki tatu. Kura haikupigwa. Wengine wataita jambo hilo woga, kwa kuwa hakuna aliyeitwa jina wala kuandikwa muasi. Mimi naona chama kilikwisha kujua hesabu kabla ya kuhesabu. Mwezi wa Agosti makadirio yalirudi, safari hii pamoja na mpango wa dharura wa kuongeza umeme, yakapita.