CRP imepanda: je, ni moyo?

Msikilizaji mmoja wa huku Mgeta alitutumia picha ya karatasi ya maabara. Alikuwa amekwenda kupima homa, na kwenye majibu pameandikwa CRP 48. Jirani akamwambia hicho ni kipimo cha moyo. Usiku huo hakulala.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Mwili ukipambana na vijidudu, au sehemu yake ikiumia na kuvimba, ini huimwaga protini hiyo kwenye damu. Huanza kupanda ndani ya saa chache na hufika kilele baada ya siku mbili hivi. William Tillett na Thomas Francis waliigundua mwaka 1930 jijini New York, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Yaani kipimo hiki kilizaliwa kwenye maambukizi, moyo ukaja baadaye sana.

Ichukulie kama moshi unaouona ng'ambo ya bonde. Unajua kuna moto, ila hujui kama watu wanachemsha maharage au nyumba inaungua. Nimonia, malaria, jipu la jino, baridi yabisi: vyote hupandisha CRP.

Hapa mkoani imeshatufaa. Mwaka 2021 na 2022, vituo 40 vya Morogoro na Mbeya viliingia kwenye utafiti wa watoto wagonjwa. Nusu ya vituo vilitumia mwongozo wa kwenye tableti pamoja na vipimo vichache, CRP ikiwemo. Huko, watoto kama 23 kati ya 100 walipewa antibayotiki. Kwenye vituo vingine walikuwa kama 70.

Sasa moyo unaingiaje? Zamani tulielezwa kwamba mishipa inayoulisha moyo huziba kwa mafuta kama bomba lililojaa uchafu. Picha hiyo haijakamilika. Mafuta yakijipenyeza kwenye ukuta wa mshipa, chembe nyeupe za damu huyafuata, na ukuta huvimba polepole kwa miaka mingi bila kuuma. Siku utando wa juu ukipasuka, damu huganda hapo na mshipa unaziba. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Uvimbe wa namna hiyo huipandisha CRP kidogo mno, hivyo kuna kipimo chake chenye usahihi zaidi. Chini ya miligramu 1 kwa lita, hatari ni ndogo. 1 hadi 3 ni ya kati. Zaidi ya 3 ni kubwa. Ikipita 10, daktari hutafuta kwanza maambukizi, kisha hurudia kipimo mtu akishapona. Kwa hiyo ile 48 haikusema lolote kuhusu moyo.

Je, kutuliza uvimbe kunaulinda moyo? Mwaka 2017 utafiti wa CANTOS, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, ulionyesha kwamba dawa ya kutuliza uvimbe, bila kushusha kolesteroli, ilipunguza mashambulio na viharusi kwa asilimia 15 hivi. Lakini iliongeza pia vifo vya maambukizi, na bei yake haishikiki.

Mimi ningesema mwenye elfu chache mfukoni aanze na presha na sukari. Huyu msikilizaji wetu alikutwa na nimonia, akatibiwa, akapona. Aliporudi kuangaliwa alipimwa na presha, ambayo hakuwahi kuipima maishani: 168/102. Namba hiyo ndiyo ya kufuatilia kwa ajili ya moyo. Na mvuta sigara, kuacha kutamsaidia kuliko kipimo chochote cha maabara.

Jambo jingine ni milima yetu. Ukipanda kwenda shamba kifua kikabana, ukisimama kikaachia, usiseme tu ni gesi au vidonda vya tumbo. Nenda kituo cha afya ukalieleze hivyo hivyo lilivyo. Kifua kikibana hata umepumzika, maumivu yakaenda mkononi au tayani, na jasho baridi likakutoka, ondoka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na usiende peke yako. Hapo hospitali hutumia kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu cha troponini, kinachoonyesha kama msuli wa moyo umeumia. Anayehitaji kuzibuliwa mshipa hupewa rufaa, kwa mfano kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.