Tarehe ya Nyumba ya Tippu Tip, Shangani

Ukisimama ufukweni Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, ukatazama magharibi, ng'ambo ni Kongo. Kusini-magharibi mwa ziwa ndiko Itahwa, nchi ya mtawala Nsama. Mwaka 1867 mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alimshinda Nsama akateka shehena kubwa ya pembe za ndovu. Pembe hizo zilibebwa mabegani hadi pwani, mwendo wa miezi, na biashara ya pembe iliandamana na ya watumwa. Kwa hiyo tarehe ya nyumba yake ya Shangani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, inaanzia huku kwetu ziwani.

Mwaka 1891 alirudi Unguja moja kwa moja, akawa mwenye mashamba na watumwa wengi. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa kwa amri ya Sultani mwaka 1897. Yeye alifariki Juni 1905, baada ya kuandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili.

Nyumba yenyewe ni ya mtindo wa matajiri wa mji ule. Mgeni hupokewa na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe, kisha mlango mkubwa wa mbao zilizochongwa. Kuta za nyumba hizi ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haizidi sana mita tatu, vyumba huwa vyembamba na virefu. Upana wa sebule ya tajiri uliamuliwa na mti wa mkoko, hata awe na pembe kiasi gani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba iligawanywa, familia kadhaa zikaishi ndani. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji mzima kwenye Urithi wa Dunia.

Hifadhi ya karatasi haizuii mvua. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta, chokaa hulegea na ncha za boriti huoza mahali pasipoonekana. Fundi akiziba ufa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea na plasta hubanduka. Beit al-Ajaib, jengo la serikali lililo mbele ya bahari katika mji huohuo, liliporomoka kwa sehemu Desemba 2020 na kuua watu.

Ukarabati wa nyumba ya Shangani basi uanzie paani, kwa chokaa. Na maelezo yatakayowekwa mlangoni yaanzie 1867 Itahwa, si 1891 Unguja, ili mgeni anayepiga picha mlango ajue pia wapagazi na watumwa walioulipia utajiri wa mwenye nyumba.