Kiboko, Kichurachura na Mamlaka ya Sajenti

Historia ya majeshi ya Afrika Mashariki huandikwa kwa vita na kwa majina ya makamanda, kana kwamba amri ikishatolewa inajitekeleza yenyewe. Lakini kati ya ofisa na askari wapo koplo, sajenti na sajinimeja. Hao ndio walioshika nidhamu isiyoandikwa popote: nani aonywe faraghani, nani apelekwe mbele ya mkuu wa kikosi. Naamini kila mtindo mpya wa uongozi jeshini ulisimama au ukaanguka kwa namna ulivyowatendea watu hawa wa kati. Hermann Wissmann, ofisa wa Kijerumani, alilielewa jambo hilo mapema. Mwaka 1889, alipounda jeshi la kupambana na uasi wa Abushiri pwani, wengi wa askari wake walikuwa Wasudani walioandikishwa Cairo, nao wakaja na vyeo vyao vya ombasha (koplo), shaush (sajenti), sol (sajinimeja) na effendi (ofisa asiye Mzungu). Maofisa Wajerumani walikuwa wachache, hivyo maisha ya kila siku ya boma yaliendeshwa na wenye vyeo hivyo, huku kiboko, ile hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, inayokumbukwa hadi leo, kikiwa nyuma yao. Waingereza nao, waliounda King's African Rifles mwaka 1902, hawakukiacha. Jeshi lao la nyumbani lilifuta adhabu ya viboko mwaka 1881, ila askari wao wa Kiafrika waliendelea kuchapwa kihalali hadi miaka ya Vita vya Pili vya Dunia.

Wapo wanaosema kiboko ndicho kilichozaa askari hodari, na wanataja Burma mwaka 1944, Waafrika Mashariki waliposonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa masika. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Kiboko ni adhabu ya kambini. Msituni, kwenye tope na giza, ofisa haoni hata nusu ya watu wake, na sauti inayofika masikioni mwa askari ni ya koplo anayelala naye handaki moja. Askari alimtii kwa kuwa alimfahamu na kumwamini.

Utii wa namna hiyo unaweza pia kugeuka. Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika huru, katika kambi ya Colito, sasa Lugalo, waliasi wakidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Aliyewaongoza alikuwa sajenti, Hingo Ilogi. Maofisa walikamatwa na kusafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, na barabara za Dar es Salaam zikafungwa. Mjini watu walikufa na maduka yakaporwa, na hilo halina utetezi. Hata hivyo, inapasa kukiri kwamba nguvu iliyowaamsha wanajeshi usiku ule ilikuwa ileile iliyowapanga kwenye gwaride kila asubuhi. Uhuru ulikuwa umebadilisha bendera, lakini masajenti wazoefu bado waliamriwa na maofisa wa Kiingereza, tena huku mlango wa kupanda cheo ukifunguka kwa taabu.

Makomando wa Kiingereza walizima maasi tarehe 25 Januari, na Nyerere akalivunja jeshi zima. Jeshi la Wananchi lilizaliwa 1 Septemba 1964 chini ya Mrisho Sarakikya, likachukua vijana wa chama cha TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na elimu ya siasa ikaingia kambini. Badala ya kiboko, kuruta aliyekosea aliruka kichurachura, amechuchumaa, mbele ya wenzake, na kosa likaishia hapo. Wakosoaji walidai siasa ingeua weledi. Hofu yao ilikuwa na msingi, ila tutazame Uganda: baada ya maasi ya askari wa huko Jinja mwezi uleule wa Januari, serikali ilikubali kuongeza mishahara na wengi wakabaki jeshini, safu ya kati ikiwa ileile ya kikoloni. Idi Amin, aliyepewa cheo cha effendi mwaka 1959, alitoka humo, akapanda upesi, na akapindua serikali mwaka 1971.

Siasa nayo ina mipaka yake. Machi 1979, huko Lukaya, Uganda, katika vita vya Tanzania dhidi ya Amin, brigedi ya 201 ya Tanzania, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo wapya, ilivunjika mbele ya askari wa Amin na Walibya waliomsaidia. Haikukosa uzalendo, wale vijana walijitolea kwa hiari. Walichokosa ni muda wa kukaa na makoplo wao hadi kila mmoja aijue sauti ya mwenzake gizani.