Kangomba, butura, kausha damu: Kwa nini kila mkoa una mkopo wake

Mkulima wa korosho wa Newala na mama ntilie wa Buguruni wanaweza kupata pesa sawa kwa mwaka. Ila mmoja analipwa msimu mmoja, mwingine kila siku sahani inapotoka. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anaweka akiba wapi, na anakopa kwa nani.

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mahitaji ya msingi ya mtu mzima kuwa Sh49,320 kwa mwezi. Walioishi chini ya kiwango hicho walikuwa asilimia 31.3 vijijini na 15.8 mijini. Takwimu hizo zinaonyesha nani ana kidogo, lakini hazionyeshi pesa inaingia lini.

Kusini: Deni kabla ya mavuno

Mtwara na Lindi, korosho huanza kuuzwa Oktoba. Katikati ya mwaka mfuko umekauka, na ndio wakati wa kupulizia dawa mikorosho. Hapo ndipo anapotokea mtu wa kangomba na pesa taslimu.

Tuchukue mfano. Mkulima anapokea Sh50,000 mwezi Juni, anaahidi kilo 50 mwezi Oktoba, yaani Sh1,000 kwa kilo. Mnadani zikienda kwa Sh2,500, mzigo huo una thamani ya Sh125,000. Amelipa Sh75,000 zaidi kwa mkopo wa miezi minne, na hakuna mahali palipoandikwa neno riba.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, ulileta minada ya wazi. Lakini mkulima anapeleka mzigo leo, malipo yanafuata baadaye. Mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kusubiri mnada, na kangomba inaishi humo humo.

Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo, ilihakiki mashamba ili walanguzi wasilipwe. Uhakiki huo ukachelewesha malipo hata ya wakulima halali.

Kagera kuna ndugu yake kangomba: butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini.

Usukumani: Benki ina pembe

Kwa kaya nyingi za Shinyanga na Simiyu, pesa ya pamba hugeuzwa ng'ombe. Si ushamba. Ng'ombe anazaa, na hatumiki kirahisi kama noti iliyo mfukoni. Ada ya shule ikifika, anauzwa mmoja. Tatizo ni ukame: wote wanauza kwa pamoja, bei inaanguka, na akiba inakonda pamoja na mnyama.

Dar: Pesa kila siku, deni kila siku

Mjini pesa inaingia kidogo kidogo, na akiba inafuata mwendo huo: kibubu, mchezo, VICOBA. Kinachovunja mpango ni malipo ya mkupuo, hasa kodi ya nyumba, kwani wenye nyumba wengi hutaka miezi sita au mwaka mzima kwa pamoja.

Pengo hilo linazibwa na kausha damu. Ukichukua Sh100,000 na kurudisha Sh130,000 baada ya mwezi, hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Kuna pia mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Zanzibar na mwambao suala ni jingine kabisa: wengi hukwepa riba kwa sababu ya dini. Amana Bank, iliyofunguliwa 2011, inafanya kazi kwa misingi ya Kiislamu, na baadhi ya vikundi vya akiba hukopesha bila kutoza chochote juu. Mwanachama anarudisha alichochukua, na faida ya kikundi inatafutwa kwenye biashara.